Mwizi Mwenye Nyusi Nyeupe

Kama gazeti la wiki jana ulilifutia vioo kabla hujalisoma, sikulaumu. Mimi ni fundi miwani, najua gazeti linavyong'arisha kioo. Sogea nikukumbushe kwa ufupi, kisha tuendelee na aibu yangu.

Mchana mmoja mtu aliingia dukani kwangu na kisu. Alivunja kabati la fremu, akazoa fremu zote za rangi ya dhahabu pamoja na saa yangu ya mkononi, akaenda zake. Tulikuwa wawili mle ndani. Mwenzangu alikuwa bibi mmoja, mteja, aliyeketi kwenye kiti cha kupimia macho, na macho yake, Mungu amjalie, hayasomi hata ile herufi kubwa ya juu kabisa. Kwa hiyo shahidi wa kutegemewa nilikuwa mimi.

Polisi waliniita kwenye gwaride la utambulisho. Nikapita mbele ya wanaume waliopangwa mstari, nikanyoosha kidole. Huyu! Kumbe ni mwoka mikate wa mtaa wa pili. Yeye akarudishwa rumande, mimi nikarudishwa nyumbani kwa makofi, na mtaa ukanipa jina la Jicho.

Niliwaacha pale mke wa mwoka mikate alipoingia dukani peke yake, akafunga mlango nyuma yake, akakigeuza kile kibao cha mlangoni kikasomeka kwa nje "Tumefunga".

Nitasema ukweli. Jicho alikuwa anatafuta mlango wa nyuma, na duka langu halina mlango wa nyuma.

"Usiogope, fundi," akasema yule mama. "Sikuja na kisu."

"Nani kaogopa?"

"Mbona umekumbatia kiti?"

Nilikuwa nimekikumbatia kweli. Nikakiachia, nikamkaribisha akikalie. Akakitazama tu.

"Nina swali moja, halafu niende zangu. Siku ile ulipozimia, nani alikunywesha maji?"

"Sikuzimia. Nilijilaza."

"Sakafuni?"

"Mama, mtu akishikiwa kisu hachagui pa kulala."

Aliinamisha uso, nikaona anajizuia kucheka, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mume wake yuko ndani kwa sababu yangu, na bado nilimchekesha.

"Haya. Ulipojilaza. Maji alikupa nani?"

Nikatafuta kichwani. Kisu nilikikumbuka vizuri sana, mpaka kutu ndogo karibu na mpini. Baada ya kisu nilikumbuka dari ya chumbani kwangu na mke wangu akiniambia nifungue mdomo nimeze dawa. Katikati hapakuwa na kitu.

"Sijui," nikasema. "Watu."

"Hao watu ni baba watoto wangu. Alisikia kioo kinavunjika, akaiacha mikate tanurini akaja mbio. Alikuinua kichwa akakupa maji. Alikupepea kwa aproni yake mpaka ukafumbua macho, ukamtazama usoni, ukayafumba tena. Akakufunika, akatoka mbio kutafuta gari. Waliomwona anakimbia ndio waliompeleka polisi."

"Mbona hakujieleza?"

"Alijieleza. Wakamwambia wezi wote hurudi kuangalia walichokifanya." Akakigeuza kibao kama alivyokikuta. "Siku ile mikate yote iliungua. Mwizi gani huyo, fundi, anatoka kwenda kuiba na mikate yake iko motoni?"

Akafungua mlango, akasimama kizingitini.

"Kesi ni kesho. Shahidi wao ni wewe peke yako. Ukisema ni yeye, anafungwa. Ndilo hilo tu nililokuja kukuambia."

Nilifunga duka kweli, nikaenda nyumbani.

Mke wangu ana tabia moja. Mbele za watu hukubali kila neno langu. Jikoni ndipo hulipima upya. Nilimkuta anakatakata vitunguu.

"Mama watoto, siku ile ulinikuta katika hali gani?"

"Umelala chali, umefunikwa aproni."

"Aproni ya nani?"

"Ningejuaje? Ilikuwa imejaa unga. Nikaifua, nikaitundika, nikangoja mwenyewe aje. Hakuja."

"Iko wapi sasa?"

Akajitazama kifuani. Alikuwa ameivaa. Aproni kubwa, nyeupe, yenye kamba ndefu za kumzunguka mwanamume mwenye tumbo. Wiki zote hizo nilikuwa nikiandaliwa chakula na ushahidi.

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unasimulia kisu." Akaweka kitunguu pembeni. "Siku ya kwanza kilikuwa kisu cha kumenyea viazi. Kesho yake kikawa cha kuchinjia. Walipokuja kina wifi kukupa pole, kilikuwa panga. Nikasema nisimkatize mzee, nione kama kitafika upanga wa vitani."

"Unanidhihaki."

"Na mwizi naye alikua. Alianza wa kimo changu, alipomaliza anainama mlangoni."

"Kwa hiyo hukuniamini tangu mwanzo?"

"Nilikuamini kwamba uliogopa," akasema, na hapo hakuwa anatania. "Ulikuwa unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Ningekukosoaje?"

Nilirudi dukani bila hamu ya kula. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, nikafumba macho, nikamwita mwizi wangu aje nimtazame tena. Alikuja mara moja. Uso mviringo, mashavu yamejaa, nyusi zenye mvi. Nyusi hizo nilizieleza polisi kwa madaha. Niliwaambia, "Andikeni, mtu wa makamo, nyusi nyeupe," wakaandika.

Nikamtazama zaidi. Alikuwa ameniinamia. Nikajiuliza, mwizi anakuinamia kwa kazi gani? Nilimwona akitokea juu yangu, dari ikiwa nyuma ya kichwa chake, na nyusi zile zikiniangushia vumbi jeupe mdomoni. Nikalikumbuka hadi ladha yake.

Ulikuwa unga. Nilikuwa nimempachika mwizi uso wa mtu aliyekuwa akiniokoa.

Nilitamani sakafu ipasuke, lakini sakafu ya duka lile ni ya saruji na kodi nalipa mimi. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia yule bibi na mkongojo wake.

"Nimekuja kumalizia macho yangu," akasema. "Siku ile tulikatizwa."

Nilimkalisha, nikamvisha fremu ya kupimia, lile dude zito la chuma tunalobadilishia lenzi. Nikaamua kazi initulize.

Sisi mafundi miwani tuna ujanja mmoja, na leo nautoa hadharani, wenzangu wanisamehe. Unamwekea mteja lenzi, unamwambia, "Hii ya kwanza." Unaitoa, unaigeuza geuza vidoleni, unairudisha ileile. "Au hii ya pili?" Karibu wote hujibu kwa furaha, "Ya pili, ya pili!" Wengine husema ya pili imewatia nuru mpaka moyoni. Si waongo. Wameambiwa wachague, wamechagua. Kwa njia hiyo fundi hujua nani anajibu kwa macho na nani anajibu kwa adabu.

Nikamfanyia bibi hivyo hivyo. "Ya kwanza, au ya pili?"

"Mwanangu, unanicheza shere?"

"Kwa nini, bibi?"

"Mbona zote sawa?"

"Umejuaje?"

"Kujua nijue nini? Nimeona hakuna tofauti, nimesema hakuna tofauti. Kwani ni lazima nichague?"

Nikaweka lenzi chini.

Siku ya gwaride afande mpelelezi alikuwa mtu wa upole. Aliniwekea mkono begani akasema, "Tumeshamkamata, mzee. Kazi yako ni kutuonyesha." Kwa hiyo nilipita kwenye ule mstari nikijua kwamba yumo. Yule wa kwanza mfupi mno. Huyu mwembamba mno. Yule ana masikio yasiyo yenyewe. Huyu je? Huyu nimewahi kumwona! Mwili mzima ulisisimka, nikajua nimewahi kumwona, na sikujiuliza wapi. Nyusi zake zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikajiambia amezipaka rangi ya nywele.

Hivyo ndivyo mwoka mikate alivyogeuka mwizi. Niliulizwa ya kwanza au ya pili, nikasema ya pili.

"Fundi, umelala?" bibi akauliza.

"Bibi, siku ile wewe unaikumbukaje?"

"Nilimweleza yule afande, lakini hakuandika. Nilisema, kaingia mtu ananuka vanishi. Kanigonga goti, kaniambia, 'Samahani, bibi.' Halafu kioo kikavunjika, nawe ukaanguka kama gunia. Baadaye ndipo akaja mtu ananuka mkate. Vanishi kwanza, mkate baadaye."

"Mwizi alikuomba samahani?"

"Tena kwa sauti nzuri, ya mtoto aliyelelewa. Afande kaniuliza, ukutani unasoma herufi ngapi? Nikamwambia hata moja. Kafunga kalamu yake, kanishukuru."

"Na wewe hukuogopa?"

"Niogope nini, mwanangu? Mimi sikukiona hicho kisu. Uliyekiona ni wewe, maskini."

Aliniita maskini kwa huruma ya kweli, na nilistahili. Lakini kuhusu vanishi nilimsahihisha. Duka zima linanuka vanishi, nikamwambia, kwa sababu kabati lilitengenezwa upya baada ya wizi. Pua yake imechanganya siku.

"Pengine," akasema, kwa sauti ya mtu mzima anayemwachia mtoto ashinde mchezo.

Hilo kabati lina habari yake. Siku chache baada ya wizi alikuja kijana seremala, akasema amesikia mkasa wangu na umemgusa, akalitengeneza kabati kwa mbao zake na muda wake, bila kutaka chochote. Binti yangu, anayenisaidia dukani, alimshukuru kwa niaba ya familia nzima. Hajaacha kumshukuru mpaka leo. Wanataka kuoana, na mama yake ameshaanza kuchagua vitambaa.

Nikamkamilishia bibi miwani yake, kisha nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa mpelelezi.

"Afande, nimekosea mtu."

Aliniangalia kama mtu aliyerudishiwa zawadi. "Mzee, ulisema una uhakika."

"Nilikuwa nao."

"Ukagonga meza. Ukasema, 'Hata nikifufuka nitamjua.' Nimeandika kila neno."

"Uhakika ulikuwepo, afande. Ulikuwa wa aliyenipa maji, si wa aliyeniibia."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho utapanda kizimbani. Ukigeuka huko, hakimu anaweza kukuuliza kwa nini uliwadanganya polisi, na mimi sitakuwa na jibu la kukusaidia." Akashusha sauti. "Ulikuwa na hofu, ndiyo. Lakini si ndiyo hofu inayomfanya mtu asisahau?"

Zamani ningekubali. Nilidhani hofu inachora picha, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo picha inavyotulia. Kumbe hofu ni kama tochi kali kwenye chumba chenye giza. Inamulika kitu kimoja tu.

Jioni ile seremala alikuja kula kwetu. Ni kijana wa adabu, anavua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Nilimtengenezea miwani ya kusomea kwa mkono wangu. Naijua nafasi iliyo kati ya mboni zake, naijua pua yake inavyokaa upande, nadhani uso wake naujua kuliko mama yake mzazi. Watu mimi huwaangalia kuanzia shingo kwenda juu. Chini ya hapo namwachia fundi cherehani.

Nikawaambia wote mezani kwamba kesho nitalikana neno langu.

Binti yangu akaacha kula. "Baba! Watakucheka mtaa mzima."

"Tayari ninachekwa humu ndani."

"Huyo anayekucheka nani?" mama yake akauliza, aproni ikiwa bado kifuani.

Seremala akasema taratibu, "Baba, usijisumbue. Mtu aliyekutolea kisu humsahau. Moyo wako ulimtambua siku ya kwanza. Ukianza kuujadili, utaupoteza."

"Moyo wangu ulitambua unga, mwanangu."

"Lakini kama si yeye, basi ni nani?"

"Sijui."

"Basi si bora kumwacha aliyepatikana?"

Alisema kwa upole, huku akimwongezea binti yangu maji. Nilimwona ni kijana anayenihurumia nisiaibike. Mke wangu peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Aliyepatikana ana watoto," akasema, akaanza kukusanya sahani kabla hatujamaliza.

Mahakamani kulijaa. Mtaa wetu hauna mkate mzuri tangu mwoka mikate akamatwe, na watu walikuja kuona kama wataupata tena. Mke wangu alikaa mstari wa mbele na binti yetu. Kiti kando ya binti kilikuwa na mtandio juu yake, kimewekewa seremala, aliyekuwa ametoka kunitafutia maji ya kunywa. Bibi alikaa mwanzo wa mstari huo huo na miwani yake mipya, anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa ukutani mpaka karani akamwomba asome kimoyomoyo.

Mwoka mikate alikuwa amepungua. Nguo zilimning'inia. Nilipopanda kizimbani alinitazama bila chuki, kama mtu anavyoutazama mkate ambao hajui umeiva au bado.

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani iliyolegea puani. Nilijizuia nisimwambie aipitishe dukani.

"Shahidi, mtu aliyekuibia yumo humu?"

"Aliyenipa maji yumo humu, mheshimiwa. Ndiye huyo mliyemshika. Aliyeniibia simjui."

Watu wakapiga kelele. Mpelelezi akajishika kichwa. Nikaeleza yote bila kujipendelea: kuzimia, aproni, unga, gwaride, lenzi ya kwanza na ya pili. Nilipofika kwenye rangi ya nywele hata askari wa mlangoni alicheka. Mwoka mikate hakucheka. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Mke wake alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama. Nami nikalia, sioni haya kusema.

Hakimu akagonga meza, akangoja ukimya.

"Kwa hiyo uso wa mwizi hukuuona kabisa."

"Macho yalikuwa kwenye kisu, mheshimiwa."

"Na kisu kilikuwa kinaelea hewani?"

"La. Kilishikwa na mkono."

"Huo mkono ukoje?"

Nikashangaa. Tangu siku ile niliulizwa uso, urefu, umri, hata kabila la mtu. Hakuna aliyeniuliza mkono. Nikafumba macho, na mkono ukaja, umetulia, hauongezeki wala haupungui.

"Wa kulia. Ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati, kutoka shinani mpaka nchani, ukaota vipande viwili. Kama punje ya kahawa, mheshimiwa. Kidole kilikuwa jirani na kisu, ndiyo maana nilikiona."

Karani akaandika. Mstari wa mbele bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia shahidi akizungumza la akili kwa mara ya kwanza.

"Ukiuona tena utautambua?"

"Hata nikifu..." Nikajikata. "Nitautambua."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Seremala aliingia na chupa ya maji, akijikunja kwa heshima asizibe watu. Akaanza kupita kwenye mstari wa mbele kuelekea kwenye kiti chake.

Goti lake likamgonga bibi.

"Samahani, bibi," akasema.

Akaketi. Akamtabasamia binti yangu, akaninyanyulia ile chupa kunionyesha kwamba maji yapo. Aliinyanyua kwa mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kijana yule nilimtazama chini ya shingo.

Ukucha wa gumba ulikuwa umepasuka katikati.

Ukumbi ukajifunga pande zote, watu wakapotea, hakimu akapotea, pakabaki kidole gumba kwenye chupa ya maji. Nilimjua! Mwili mzima ulisisimka, nikamjua bila chembe ya shaka.

Halafu nikakumbuka kwamba mwili huu huu ulisisimka siku ya gwaride. Uhakika ulikuwa uleule, hauna tofauti hata ya punje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maseremala wangapi duniani wamejigonga vidole kwa nyundo? Nimetoka sasa hivi kuiapia mahakama kwamba mtu mwenye hofu haaminiki, na hofu ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Na aliyekaa kando ya kidole kile alikuwa mwanangu, ananitazama kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Alikuwa anajivunia kwamba baba yake amesema kweli.

"Shahidi," hakimu akasema, "unatetemeka. Kuna nini?"

Binti yangu akadhani nimechoka. Akaichukua ile chupa aniletee, na mkono wake mwingine akauweka juu ya mkono wa mchumba wake, akakifunika kidole.

"Shahidi, nakuuliza tena. Umeona nini?"

Nikatafuta uso wowote wa kunisaidia, nikaukuta wa bibi. Alikuwa ameivua miwani niliyomtengenezea, ameiweka mapajani, amefumba macho. Pua yake ilikuwa imeelekea upande wa seremala.

"Kijana," akasema, sauti yake ikatosha ukumbi mzima, "hebu niombe samahani tena."

Karani akanyanyuka kumnyamazisha. Hakimu akamzuia kwa mkono.

Seremala akamtazama bibi. Kisha akanitazama mimi.

"Si umwombe tu," binti yangu akamhimiza, huku akicheka. "Bibi wa watu hakukusikia vizuri. Ni neno moja."

Tulingoja wote. Binti yangu akacheka tena, peke yake, na seremala hakufungua mdomo.